Kaluki na Friji ya Chama

Waombolezaji wapendwa, mama yetu Kaluki Ndululu tuliyemzunguka hapa alizaliwa tarehe 4 Machi 1959 huko Mwingi, na wanasema alilia kwa nguvu hadi mbuzi wa Machakos wakakata kamba. Alisoma mpaka darasa la saba, 1974, akaachia hapo kwa sababu karo iliisha, sio akili, halafu 1979 akaingia Nairobi kuuza mitumba Soko la Toi, na mteja akipita bila kununua aliitwa mpaka anageuka akiwa ameshafika Ngong Road. Tarehe 11 Desemba 1982 aliolewa na Khaemba, fundi wa mbao, mtu mpole hata nyundo yake haisikiki, wakabarikiwa na Collins na Immaculate.

Mwaka 1999 jirani yake wa Kambi Muru kule Kibera, Musimbi, alikufa na kansa ya kizazi, na chama chao cha akina mama, ambacho kazi yake ilikuwa kununua majeneza tu, kikamzika vizuri sana, lakini Kaluki akatoka makaburini akisema, "Sisi tunangoja mtu afe ndio tumpende." Kuanzia hapo wakaanza kuchangia walio hai, kwanza nauli ya kwenda kupimwa, halafu 2003, madaktari wa utafiti wa kansa hiyo walipokosa pa kuhifadhi sampuli za akina mama wa Kibera, chama kikawanunulia friji, ikawekwa kliniki pale mtaa wa Olympic, na Kaluki alikuwa anaipanguza kuliko alivyowahi kupanguza watoto wake.

Januari 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, Toi ikaungua, kibanda chake kikabaki mbao chache, wanachama wakatawanyika hadi Kawangware, na walipokutana huko Februari wengine wakataka chama kivunjwe, kila kabila liende na chake. Kaluki akasimama, "Sawa, na friji pia tugawane, Wakamba tubebe mlango, Waluhya mbebe barafu." Watu walicheka huku wanalia, chama kikabaki, na utafiti ukaendelea.

Mwezi wa Mei kansa ileile ikapatikana kwake, tukiwa tumeshachelewa, maana aliwapeleka wenzake wote kupimwa na zamu yake akawa anaisukuma tu mbele, akatuacha tarehe 19 Oktoba 2008. Chama kilitaka kumnunulia jeneza la kioo, akakataa akiwa bado kitandani, akasema hiyo pesa iende kwa utafiti, na Khaemba amtengenezee lake na zile mbao za kibanda. Huo weusi mnaouona hapo ubavuni mwa jeneza ni moshi wa Toi, mzee amekataa kuupaka rangi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Toi, na majirani wa Kambi Muru na Kawangware mliokaa benchi moja leo, na mchango wenu unaenda palepale alipotaka. Kaluki, sasa pumzika kwa amani yako yote, kelele tuachie sisi.