Kitabu Kilichopurwa Pamoja na Mtama: Maisha ya Mwalimu Yunisi Ezekieli, 1932–1960

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Sara Ezekieli, mazishini Ilongero, Jumatano, tarehe 10 Agosti 1960

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani, poleni kwa msiba.

Marehemu Yunisi alizaliwa Ulemo, Iramba, tarehe 14 Machi 1932, kifungua mimba wa Mzee Ezekieli na Mama Elizabeti. Mama alipokuwa shambani mtoto alilelewa na Bibi Magdalena, mama yake Baba. Bibi huyo alikuwa na hadithi nyingi kuliko kuni, na kwake hadithi haikusimuliwa na mtu mmoja. Mmoja alisimulia, mwingine akaitikia kila baada ya maneno machache: "Ehee! Kumbe! Mshike huyo!" Asipopatikana wa kuitikia, Bibi alifunga mdomo na kwenda kulala.

Alianza shule hapo kijijini mwaka 1940, na mwaka 1944 akaingia bweni katika shule ya wasichana ya misheni. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Akiwa na miaka kumi na sita alianza kuandika riwaya, Mahari Imetoroka, habari za binti anayewaswaga ng'ombe wa mahari yake mwenyewe kuwarudisha walikotoka. Wenzake walimcheka wakisema vitabu huandikwa na watu wenye mvi. Aliwajibu, "Mvi zitanikuta nimeshamaliza." Mvi hazikuwahi kumkuta, na jambo hilo linatuuma sana leo.

Aliimaliza, akainakili kwa mwandiko safi, akaipeleka kwa wachapaji wa vitabu Nairobi. Ilirudi. Hawakuitupa, ila waliuliza swali moja kwa adabu: ni nani huyu anayedakia maneno katika kila ukurasa? Kumbe Yunisi alikuwa ameandika hadithi jinsi anavyoijua, pamoja na majibu yote ya Bibi! Binti anafungua zizi, na chini yake pameandikwa, "Ehee!" Mchumba anaanguka mtoni, "Na azame!" Wachapaji walisema ayaondoe majibu hayo, na kwa kuwa mwandishi hajafikia utu uzima, baba yake aweke sahihi kuwa ameridhia.

Yunisi alilia siku nzima. Aliyaondoa majibu, akasoma, akaona hadithi imepoa kama ugali wa jana. Msimu huo wa mavuno akaenda nayo uwanjani, wanawake walikokuwa wakipura mtama, akawasomea huku wanapiga. Waliposimamisha fimbo ili wasikie, sentensi hiyo aliibakiza. Walipoendelea kupura bila habari naye, aliifuta kwa mstari. Hakuwauliza kama ni nzuri, maana watu wa kwetu wakimpenda mtoto watasema ni nzuri hata kama wanasinzia.

Ikabaki sahihi. Baba alisema hadithi zimetoka kwa mama yake, na mama yake asiporidhia, yeye hashiki kalamu. Bibi naye alikuwa amenuna.

"Nimekuwa nikimwitikia mtoto huyu tangu hajaota meno," alisema. "Leo watu wa Nairobi wanasema ninyamaze?"

"Hawakusema unyamaze, Bibi," Yunisi alimjibu, amepiga magoti. "Kitabu kitakwenda kwa watu tusiowajua, na wao wana midomo. Ukijibu wewe kila mahali, wao watajibu lini?"

Bibi alichambua mboga zake mpaka zikaisha. Kisha akamgeukia Baba. "Ezekieli, weka sahihi. Lakini wakikosa la kujibu, mimi nimo humu Ulemo, waje waniulize."

Kitabu kilitoka Septemba 1950, mwandishi akiwa na miaka kumi na minane. Baba alikibeba kanisani ndani ya koti, akajifanya amekisahau mfukoni ili aulizwe ni kitu gani.

Baada ya chuo cha ualimu, marehemu alianza kufundisha hapa Ilongero Januari 1952. Vijana waliomletea hadithi hakuwasifu upesi. Aliwaambia, "Maliza kwanza. Isiyokwisha haina msomaji." Kisha aliwatuma wakaisome kwa watu walio kazini, wairekebishe, ndipo aliwaonyesha mchapaji gani anachapa hadithi za namna hiyo. Hadithi ikirudi, aliwaambia waisome barua yote kabla ya kulia.

Tarehe 5 Desemba 1953 alifunga ndoa na Naftali, bwana mifugo. Naftali anakiri kwamba alikisoma kitabu kabla ya kuposa, akaogopa ng'ombe wake wasije wakarudishwa. Hawakurudi, na mwaka 1955 Mungu akawajalia binti, Lea.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 1959. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Miezi ya mwisho alikuwa akisikiliza riwaya ya mwanafunzi wake Dorkas, mwenye miaka kumi na saba, aliyekuwa akimsomea kando ya kitanda. Wachapaji wameikubali, ila wanataka sura ya mwisho iandikwe upya, na lori la barua linaondoka Singida leo saa kumi jioni. Jumatatu, alipoona nguvu zinamwisha, marehemu alimwita Dorkas mbele yetu.

"Nikifa, usije kuzika."

"Mwalimu, watu watasema nini?"

"Watasema. Lakini mimi nitakuwepo kaburini hata kesho, na lori halingoji. Nenda mjini kwa shangazi yako, umalize."

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Naftali.

Tangu jana wengi wanauliza mtoto huyo ana moyo gani, hata asije kumzika mwalimu aliyemlea. Ndugu zangu, msimseme. Dorkas yuko mjini, anaandika huku analia. Katika watu wote waliompenda Yunisi, ni yeye peke yake aliyepewa kazi leo.

Marehemu ameacha mume, Naftali; binti, Lea; wazazi, Mzee Ezekieli na Mama Elizabeti; Bibi Magdalena; mimi mdogo wake; kitabu kimoja, na kingine kilichoko njiani.

Bwana ampumzishe Yunisi kwa amani, na lori lifike salama.