Upande Unaotazama Benchi

Benchi la kijiwe hiki lina nafasi tatu na sheria moja: aliyenyanyuka kapoteza. Ukienda kutema mate tu, ukirudi unakuta mwenzako kashaota mizizi mahali pako. Kwa hiyo Sindano, fundi viatu, Wembe, kinyozi, na Kamanda, mlinzi mstaafu, wakishakaa hawabanduki hadi birika la muuza kahawa likauke. Breki, dereva wa bodaboda, huegesha pikipiki yake mbele yao, ubavu wa kushoto ukitazama benchi, wa kulia ukitazama mtaro wa maji machafu. Asubuhi hiyo alikuwa anatoka jasho na jua halijawaka. Dada yake kajifungua, na mama yao anataka kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Ila kasema atapita kwanza azungushwe hadi kona ya mbele. Pikipiki ikiyumba kama juzi, anapanda ya mtu mwingine. Juzi Breki alimwambia ni upepo. Ulikuwa uongo, na tangu siku hiyo kila akisali ulimi unamwia mzito.

— Bado inayumba? aliuliza Kamanda.

— Kwenye kona inakata kiuno, mzee wangu.

— Shokapu hiyo imelegea. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kaza!

— Tulikaza Jumatatu. Na Jumanne. Na jana.

— Kaza tena. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje kwenye springi? aliuliza Wembe.

Kamanda aliinama palepale alipokaa, makalio yamegandia benchi, akachomeka spana kwenye pete ya chini ya springi. Pete ile ina ngazi tano za kukazia. Akaipeleka ya tano, akahema kama aliyehamisha nyumba.

— Mnahangaika bure, alisema Sindano. Tatizo ni tairi la nyuma, limekuwa kipara. Tairi ni kiatu. Ivalishe lenye kashata nene, vile vibonge vya mpira, ling'ate barabara.

— Ling'ate lami? Wembe akacheka. Kashata nene ni za matope, ndugu yangu. Kwenye lami litanguruma na kutetemeka kama mteja wangu anayeogopa wembe. Achukue lenye mifereji myembamba ya kutoa maji.

— Kamba hukatikia pembamba!

— Ndiyo maana mimi nauza kipara.

Ng'ambo ya barabara muuza matairi alikuwa amesimama, tairi mkono huu, tairi mkono ule.

— Jamani, nifunge lipi? Mabega yananiuma!

— Subiri, kikao kinaendelea! alijibu Kamanda. Kisha akashusha sauti. Niwaambie siri. Aliyemuuzia Breki pikipiki hii alikuwa anachechemea. Chombo huiga tabia ya mwenyewe. Pikipiki hii haiyumbi, inachechemea.

— Si hivyo, alisema Sindano. Dunia inazunguka, sivyo? Ukienda inakoelekea, unanyooka. Ukirudi, inakuyumbisha.

— Basi Breki arudi kinyumenyume! alidakia Wembe.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Breki naye akacheka, kisha akakatisha, maana mwavuli wa mama yake ulikuwa unakuja kwa upande wa mtaro.

— Shikamoo mama!

— Marahaba wanangu.

Mama aliweka chini furushi la nguo za mtoto. Akainama kwenye ubavu wa kulia wa pikipiki, akapangusa kwa kidole pete ya springi ya pili, iliyogandiwa na vumbi. Ilikuwa bado ngazi ya kwanza.

— Na hii ya huku nani aliikaza?

Muuza kahawa aliinamisha birika. Likatoa tone moja.

— Mama, alisema Breki, tulikuwa tunakaza ya huku tu. Siku zote. Na juzi si upepo. Nilikudanganya, nisamehe.

— Nilijua. Upepo gani unayumbisha pikipiki na hautikisi mwavuli? Nimekusamehe. Sasa huko kwa dada yako kuna matope?

— Lami tupu, mama.

— Basi yule kijana anabebeshwa matairi mawili ya nini?

La kashata nene likarudi dukani, la mifereji likafungwa. Wa benchi wakanyanyuka wote watatu, wakaingia mtaroni hadi vifundoni, wakazipeleka pete zote mbili ngazi ya tatu. Waliporudi, mama amekaa katikati ya benchi, furushi kushoto, mwavuli kulia.

— Mama, tusogezee kidogo, alisema Kamanda kwa adabu.

— Aliyenyanyuka kapoteza. Si sheria yenu hiyo?

Alipokwenda kupanda pikipiki, alichukua furushi, mwavuli akauacha umelala benchi zima. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Breki aliondoka taratibu, akimtaja Mungu kimoyomoyo. Mama alikuwa amelishika shati lake kama anayening'inia ukutani. Kona ikaja. Pikipiki ikalala, ikainuka, ikanyooka. Na katikati ya kona hiyo Breki akasikia ngumi ya mama ikifunguka, ikaliachia shati, ikampiga kofi dogo la mgongo.

— Haya, mbona tunakwenda pole hivi? Mtoto ananisubiri!