Siku Niliponyimwa Firigisi

Ndugu zangu wa Kasongo, nanyi mliofika kutoka Kabambare mkiwa na matope mpaka magotini, Bwana asifiwe kwa matope hayo hayo! Mimi nayajua. Nimeyapita na sanduku la useremala kichwani.

Mnaniita Baba Neema, fundi wa mbao, yule wa Kigoma mnayemcheka kwamba anasema Kiswahili cha redio. Leo nimekuja kumshukuru Mungu aliyenifungua. Msifikirie minyororo. Mimi nilifungwa kwa mchuzi wa kuku.

Sikilizeni. Kule Kigoma karakana niliyofanyia kazi ilivunjwa, mwenye kiwanja alitaka kujenga. Ndugu mmoja wa kanisa letu, mzaliwa wa hapa, akaniambia Kasongo kuna miti mizuri na mafundi wachache. Mimi na Mama Neema tukaomba, tukakubaliana niende nikae kwa muda, nitafute kazi. Nikipata, yeye na watoto watanifuata. Mvua zikiisha sijapata, nirudi, na watoto tuwagawe kwa ndugu, huyu kwa shangazi, yule kwa bibi, maana kodi ya nyumba ya kupanga ingetushinda. Neno hilo la kuwagawa watoto nililibeba kifuani safari nzima.

Nikavuka ziwa hadi Kalemie, nikapanda pikipiki, tukaanguka, tukapanda tena, nikafika Kabambare. Ndugu zangu, nilipokewa! Watu wasionijua hata jina walinichinjia kuku, na firigisi wakaniwekea mimi. Nyote mnajua firigisi hapa ni ya mgeni. Baba mwenye nyumba aliitazama ikipita, akameza mate, akanisogezea sahani.

Kesho yake nikaanza kutafuta kazi. Kila mlango niliobisha nilipewa kiti. Nikisema mimi ni fundi, wananijibu, "Pumzika kwanza, mugeni. Safari iko mbali." Nikaenda Wamaza: kuku. Nikashuka Nyangwe, nikaiona Lualaba ilivyo pana, nikakimbia kumsaidia mvuvi kuvuta mtumbwi. Akaninyang'anya kamba. "Wacha, baba, weye iko mugeni," akasema, akanipa samaki wawili niende nao.

Nchi hii niliitembea nikaipenda. Lakini kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi siku ya tatu mnachinja kuku mwingine! Nilinenepa huku nalia. Nikaomba nikasema, "Bwana, nimeshiba firigisi. Nipe jembe."

Hapa Kasongo nilipewa chumba na Mama Feza, mjane mnayemjua, yule mwenye shamba la mpunga na ulimi usio na mlango. Sanduku langu likakaa chini ya kitanda mpaka randa ikaanza kushika kutu. Mvua zikapungua. Ndipo Mama Neema akanipigia simu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, Neema apelekwe kwa shangazi yupi. Siku ile Mama Feza alipakua chakula, na mimi nikashindwa kukigusa.

Ikafika siku ya Mungu, ndiyo Jumapili. Mzee wa kanisa akasema kama kawaida, wageni wasimame tuwapokee. Mimi kila mara nilisimama. Niliona ni heshima, tena nilidhani mtu akiniona atakumbuka kunipa kazi. Mlikuwa mnaniimbia na kunipungia vitambaa, basi, mnakwenda nyumbani. Nikaanza kuinuka. Mama Feza akanishika shati kwa nyuma akanivuta, nikaanguka kwenye benchi.

"Kaa chini," akasema, wala hakunong'ona. "Kila siku ya Mungu unasimama mugeni. Nani atamutuma mugeni kazi? Siye hatuna ile tabia."

Benchi la nyuma lilicheka. Mimi nikabaki nimekaa, ndugu zangu. Kuna watu Mungu huwaita kwa ndoto. Mimi alinivuta shati.

Baada ya nyimbo likaja tangazo la salongo, kazi ya watu wote, Jumamosi. Daraja la magogo kwenye njia ya Kabambare lilikuwa limeoza, pikipiki zinatumbukia. Watakaokwenda wainue mkono. Nikainua. Mzee akanitazama kwa huruma. "Baba, weye iko mugeni."

"Mugeni gani?" Mama Feza akamjibu. "Huyu iko mutu wa kwangu. Na ana musumeno."

Jumamosi nilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Kule darajani nilifokewa kama wengine: "Weye, shika pale! Unalala?" Haleluya! Tangu nifike sikuwahi kusikia neno tamu kama hilo. Kando yangu alikuwa mkuu wa shule moja, mtu aliyewahi kunipa kiti na chai nyumbani kwake tusizungumze kazi hata kidogo. Akaangalia ninavyounga mbao, akaniuliza kama naweza kutengeneza madawati. Madawati yakazaa milango ya Kabambare, milango ikazaa paa la Wamaza, na paa likamleta Mama Neema na watoto wote. Hakuna aliyebaki kwa shangazi.

Jioni waliyofika, Mama Feza alichinja kuku. Mimi nimeketi, mkono tayari. Firigisi ikapita mbele yangu ikaenda kwa shemeji yangu aliyewasindikiza kutoka Kigoma. Mimi nikapewa shingo. Kabla sijaitafuna Mama Feza akaniita, "Baba Neema, kuni zimeisha. Kalete." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni huku machozi yananitoka kwa furaha. Nilikuwa nimefika nyumbani.

Ndugu yangu unayekuja hapa kila juma, unapokewa, unaimbiwa, unakwenda zako, usikae kwa Mungu kama mgeni. Mezani kwake ni pazuri, lakini ana kazi, nayo huwapa watoto wake. Mwamini. Kaa chini kama mtu wa nyumbani, kisha inua mkono akutume. Mimi alinitoa mbali, wewe hutamshinda.

Familia yangu ni ile pale, benchi la Mama Feza. Mnawaona? Hapana, Neema, usisimame, mwanangu. Wanaosimama ni wageni.