Darasa la Kwanza Halivuki Mto

Mgeni rasmi, mama yetu 'M'e Limakatso Phakisi, Afisa Elimu wa Wilaya, Morena wetu, chifu wa kijiji, wazazi, na nyinyi watoto mliokatazwa kukaa kwenye majani mabichi mkakaa: amani kwenu.

Sisi walimu watatu wa Shule ya Msingi Ha Lekhafola tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umeacha gari ng'ambo ya mto ukapanda farasi, na hukulalamika, ingawa farasi uliyepewa ana tabia zake.

TULIKOTOKA

Shule hii ilijengwa na wazazi kwa mawe ya mlima huu. Novemba ofisi yako ilituandikia kwamba mwaka huu Darasa la Kwanza lisifunguliwe hapa, kwa kuwa tuliandikisha watoto tisa tu. Hao wavuke wakasome ng'ambo. Hatukubishana na barua. Tisa ilikuwa kweli. Lakini uandikishaji ni Oktoba, na Oktoba wazazi wako mashambani wanapanda. Mahindi hayangoji fomu.

LIKIZO YETU

Wengine Desemba huenda kwao kula nyama. Mwalimu Mkuu wetu, 'M'e Nthofeela Ramokoatsi, alilifunga kitambaa goti lake bovu, akachukua fimbo na daftari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sisi wawili tulimfuata kwa kuona haya, tuseme ukweli. Kila nyumba tulipewa motoho, uji wa mtama uliochachuka, hadi mwalimu mwenzetu, Ntate Sekhonyana, akaomba awe anabaki nje kuzuia mbwa.

Kwa bibi mmoja wa kule juu, mambo yalikuwa hivi:

"Mwalimu, wewe huna kwenu? Likizo yote unazurura na goti hilo."

"Kwetu ni hapa, Nkhono. Huyu aliyejificha nyuma ya sketi yako ana miaka mingapi?"

"Sita. Ila simwandikishi avushwe mto. Mto ule umeshanichukulia mmoja."

"Sikuja kumvusha. Nimekuja kumwuliza jina."

Jina lake ni Retselisitsoe, maana yake tumefarijiwa, jina la mtoto anayezaliwa baada ya msiba. Mwalimu Mkuu hakuliandika pale pale. Aliliandika njiani, akiwa amekaa juu ya jiwe, na sisi tukajifanya tunatazama kondoo.

Hadi Krismasi daftari lilikuwa na majina thelathini na manne. Tena tunajua nani anatumia mkono wa kushoto, nani anaogopa mbwa, na nani atachelewa kwa sababu lazima kwanza afungulie kondoo.

KAZI TULIYOIFANYA

Wiki mbili tulifundishana: mmoja ubaoni, wawili kwenye madawati ya watoto. Ntate Sekhonyana aliigiza mtoto mzito wa hesabu kwa ufundi uliotutia shaka.

"'M'e, umesema tukope kumi kwa jirani. Tutamrudishia lini?"

"Hatumrudishii."

"Basi huo ni wizi, 'M'e."

Mwalimu Mkuu ana miaka thelathini na mmoja kazini na hajawahi kuulizwa hivyo. Alicheka, kisha akafuta ubao. Siku hizi tunafundisha kutoa kwa mafungu ya maharage, na hakuna anayekopa.

Akina mama nao walileta udongo na samadi ili namba zichorwe ukutani kama litema, yale mapambo ya nyumba zetu. Hapo tukafanya kosa la kwetu kabisa: litema huchorwa nje, apitaye njia aone, basi nasi tukachora nje. Mvua ya Januari ikasomba moja hadi ishirini, ikabakiza ile saba tu. Akina mama walirudi na ndoo zao. Sasa namba zimo ndani, zimechimbwa kwa vidole, na mtoto anaweza kuipapasa tatu akiwa amefumba macho. Tunajivuna, na hatuombi radhi kwa hilo.

CHANGAMOTO

Ni moja, nyingine tumezizoea. Desemba hadi Machi mto hupanda bila kupiga hodi.

OMBI

Nalo ni moja. Tufungulie Darasa la Kwanza hapa. Chumba kipo, mwalimu yupo, na watoto thelathini na wanne wamekaa mbele yako. Retselisitsoe ndiye huyo aliyevaa kofia ya bibi yake.

HITIMISHO

Risala ilikuwa iishie hapo. Haya yafuatayo Mwalimu Mkuu ameyaongeza kwa penseli sasa hivi, ulipokuwa unakagua ukuta.

'M'e, mvua imenyesha huko juu. Dereva wako amepaza sauti kutoka ng'ambo kwamba maji yamefika tumbo la farasi. Leo huvuki. Usihofu, kitanda chako kimetandikwa kwa Mwalimu Mkuu na kuku amekwisha kukamatwa. Utavuka keshokutwa, maji yakikubali, ukiwa mtu mzima juu ya farasi. Watoto hawa wangevuka kwa miguu, kwenda na kurudi, kila siku.

Desturi yetu ni kuagana kwa kuombeana amani, mvua na neema. Leo tunakuombea amani na neema. Mvua unaiona mwenyewe.

Ni sisi,
Walimu wa Shule ya Msingi Ha Lekhafola,
pamoja na Darasa la Kwanza.