Kuku wa Mgeni Ndani ya Ripoti

Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu rasmi, Mkurugenzi wangu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama na akina baba wa mtaa, mliokalishwa nyuma ilhali ripoti ni yenu: itifaki izingatiwe, nami mnivumilie.

Nimeitwa nisifie matumizi ya kaya. Ripoti hii niliyoisimamia inasema kaya zenu sasa zinakula nyama, maisha yamepanda, na kwa hiyo nafuu ya bei ya unga iondolewe mara ripoti ikizinduliwa leo. Nani asingefurahi? Mimi nilifurahi hadi nikashona suti, nayo, kama mnavyoona, haifungi tumboni. Walau kaya moja imeongeza matumizi kweli.

Jumatatu nikampelekea mwaliko mama mmoja tuliyemhoji. Wakati wa utafiti alitupakulia kuku. Safari hii sikutoa taarifa, nikawakuta watoto wanakunywa uji mwepesi, na ndio mlo wa mchana. Nikatania, "Mama, leo kuku kaenda wapi?"

"Kuku gani, baba? Yule tulichanga na majirani. Mlituma habari kwamba mnakuja. Sasa mgeni wa serikali tumpe uji?"

Jirani yake, aliyekuwa akianika nguo, akadakia: "Na mlipokuja kwangu, yeye naye alichanga. Mmetula mtaa mzima, shemeji! Hata mifupa hamkubakiza!"

Wakacheka. Mimi nilitafuta pa kuuficha uso nikapakosa.

Sisi wapima matumizi tuna desturi ya kutoa taarifa mapema, kwa heshima, kisha tunaandika kilichopikwa siku hiyo. Heshima yetu ikakutana na heshima yao. Tuliuliza kimepikwa nini. Nani kati yetu aliuliza kimepikwa kwa ajili ya nani? Nimekula jasho la watu, nikalamba vidole, nikarudi ofisini kuandika kwamba wao ndio walioshiba.

Asubuhi hii Mkurugenzi wangu, kwa upole wake, amenishauri: "Hayo yaseme baada ya sherehe." Lakini baada ya sherehe, wakubwa zangu, unga utakuwa umeshapanda.

Nilimwomba yule mama ruhusa ya kuyasema hapa. Akasema, "Sema, mwanangu. Ila usituite ombaomba. Sema tulikukaribisha."

Basi nasema: mlinikaribisha. Aibu ni yangu, si yenu.

Mheshimiwa Waziri, naona utepe wa kuizindua ripoti umeshavutwa na mkasi uko mkononi mwako. Nakuomba uuweke chini. Unga ubaki kwa bei yake mpaka turudi tena mtaani, kwa hodi tu, tukiwa tumeshakula makwetu.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Mniwie radhi, sitaketi mpaka mkasi uwe mezani.