Mwalimu Dalmas Obiero na Njia Nyingi za Kulia

Mchungaji, wazee wa Nyakach, walimu wenzake, jirani wa Kondele na nyote mliofika, familia ya baba yetu Mzee Oketch imenituma mimi Zadock, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya Mwalimu Dalmas Obiero, na sauti ikikatika njiani, mvumilie tu.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Pap Onditi, akimfuata dada yetu Awuor, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1967, akafundisha miaka kadhaa, kisha akapata shahada ya ualimu Nairobi mwaka 1976, na huko ndiko somo la saikolojia lilikomteka kabisa, mpaka ukimwekea chakula anakuuliza kama tumbo lilinguruma kwanza au hamu ndiyo ilitangulia.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika chuo cha ualimu mjini Kisumu, akahamia mtaa wa Kondele, akawa anafundisha nadharia aliyoipenda kuliko zote, kwamba mwili hutangulia na hisia hufuata, kwamba hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tunahuzunika kwa sababu tunalia. Wanafunzi walicheka, naye akawakimbiza kuzunguka uwanja, halafu akawauliza sasa wanajisikiaje, na hata aliyekuja amenuna alirudi darasani anatabasamu.

Tarehe 9 Desemba 1978 alimwoa Dorca, binti wa Sondu, wakajaliwa Adero mwaka 1980, Ogola mwaka 1983, na kitinda mimba Oketch, aliyepewa jina la babu yake, mwaka 1988.

Ogola alichukuliwa na malaria tarehe 2 Mei 1986, na tulipomleta nyumbani, Dorca alishuka kwenye gari kimya, bila nduru, bila chozi, wakati kwetu mama wa mtoto husikika tangu barabarani. Maneno yakaanza, weee, na dada yetu Awuor, ambaye ameturuhusu tuyasome haya, alisema mbele ya watu kwamba mama asiyelia anajua kilichomuua mtoto, na wengine wakataka Dorca arudishwe kwao Sondu. Mwalimu naye, kwa nadharia yake, ilimpasa akubali kwamba pasipo chozi hakuna huzuni. Aliketi kando ya mkewe, akamshika kifundo cha mkono, akakuta vidole ni baridi na mapigo yanakwenda mbio kama ya mtu aliyekimbia kwa miguu kutoka Sondu, akamwita Awuor aje ashike mwenyewe. Awuor alishika, akakaa chini, na Dorca akabaki nyumbani kwake.

Tangu hapo Mwalimu alibadilisha somo, akawaambia wanafunzi waziwazi kwamba alikuwa amekosea, kwamba mwili una njia nyingi za kulia na nyingine uso hauzionyeshi, na sisi nduguze tulijivunia sana, kwa maana ni wangapi wenye digrii wanaothubutu kusema hivyo mbele ya darasa?

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 1994, na Juni mwaka huu wa 1997 akapata kiharusi, uso ukalala upande mmoja, akawa anacheka kwa upande uliobaki, akatuagiza tuwaambie wanafunzi wake kwamba uso ni nusu lakini furaha ni nzima. Alituacha Jumatano, tarehe 30 Julai, hospitalini Kisumu, Dorca akiwa kando yake.

Tunawashukuru Daktari Wabwire na wauguzi, Mama Zeituni na jirani wa Kondele waliopika bila kuitwa, na walimu waliokesha nasi.

Tangu Jumatano hiyo Dorca hajalia, na tumewaona baadhi yenu mkimtazama. Wazee walikaa jana kuamua kama wanawake wamzungushe kaburini mpaka alie, na aliyesimama kuwakatalia ni Awuor, akasema wifi yake aachwe akae alivyo, yeye atalia sehemu zote mbili, yake na ya Dorca, na sauti yake nyote mnaijua. Lala kwa amani, Mwalimu, Dorca ni wa hapa.