Mwalimu Malizia na Unga Mweusi Nilioutupa

Tarehe 30 mwezi huu mwalimu wetu wa kemia anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shule hii. Wote tunamwita Mwalimu Malizia. Mwanafunzi akitoa maana ya neno nusunusu, yeye humtazama tu na kusema: malizia.

Alianza na chumba chenye meza mbili na bomba linalovuja. Hayo ya maabara mpya na matokeo ya mitihani wataeleza wenye takwimu. Mimi mfagiaji wa maabara nieleze niliyoyaona.

Mwaka wangu wa pili, nikiwa kibarua mwenye watoto watatu, nilikuta unga mweusi uliolowa kwenye karatasi ya kuchujia. Nikawauliza wanafunzi wawili waliokuwa wakifunga mabegi ni nini hicho. Kichocheo, mama, wakasema, kinaharakisha mmenyuko wa kemikali. Na huo mmenyuko? Umeisha zamani. Basi nikaona kazi imekwisha, nacho kimekwisha, kama majivu ya jikoni. Nikautupa, nikapangusa meza ikang'aa.

Kumbe ulikuwa unasubiri kukauka ili upimwe kesho yake, na stoo hakukuwa na mwingine! Mwalimu wa zamu akataka nifukuzwe siku hiyohiyo.

Mwalimu Malizia akaniomba nirudie mbele ya darasa nilichoambiwa. Nikarudia. Akawageukia wale wawili, wamalizie. Mmoja akanong'ona kwamba mmenyuko ukiisha, kichocheo hubaki kilekile, uzito uleule. Hapo Mwalimu Malizia akamweleza mwenzake wa zamu kuwa mama huyu alifuata maana aliyopewa, na pengo lilikuwa kwenye maana. Nikabaki kazini.

Tangu siku hiyo hakuna maana iliyopewa alama ya vema kabla mwanafunzi hajanieleza mimi. Kijana mmoja alisema kimiminika ni kitu kinachomiminika. Nikamuuliza, na mchanga je? Mwalimu alicheka mpaka chaki ikamponyoka, na kijana akarudi kuandika upya.

Nimebaki kibarua miaka yote hiyo, na tangu niliposikia anaondoka nimekuwa nikijiuliza nani atanitetea. Kumbe alikuwa ameshaandika. Kwenye fomu ya makabidhiano alikata neno kibarua, akaweka msaidizi wa maabara, na chini yake maana kamili: mtu anayetunza vifaa na kemikali, anayeandaa meza za majaribio, na anayesikiliza maelezo ya wanafunzi kabla hayajasahihishwa. Mkuu wa shule aliisoma mara mbili, hakupata pa kuuliza, akasaini. Barua ya ajira ya kudumu ninayo, nimeilaza chini ya godoro.

Ahsante, Mwalimu wetu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wenye maswali mengi.